Gari limechemsha Kitonga na una mbwa

Mimi ni daktari wa mifugo. Wateja wangu wanaosafiri na mbwa kati ya Morogoro na Iringa huniuliza kuhusu dawa ya kuzuia kutapika na saa ya kuwalisha. Ni wachache wanaouliza kuhusu gereji, na mimi gereji ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko barabara.

Mlima Kitonga, ulio kwenye barabara hiyo, huchemsha magari mengi. Ukirudishwa chini mpaka Ruaha Mbuyuni, uko bondeni, kwenye mibuyu na joto kali. Washushe mbwa hapo hapo. Gari likizimwa juani, hata siku ya nyuzi 24 tu, ndani hufika kama nyuzi 34 kwa dakika 10, na saa moja haiishi kabla halijapita 40. Kushusha vioo kidogo hakusaidii. Mbwa hujipooza kwa kuhema, na akivuta hewa ya moto hana pa kutolea joto. Ukiona mate mazito, ufizi mwekundu sana au anayumba, mmwagie maji mwili mzima, umpepee, kisha mtafute daktari. Usimfunike taulo lenye maji, maana joto hubaki chini yake.

Sasa hatari ambayo wengi hawaijui. Fundi akifungua rejeta, yale maji ya kijani au mekundu humwagika chini. Hayo ndiyo kulanti, maji ya kupooza injini. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, kemikali yenye sumu, nayo ni tamu. Mbwa mwenye kiu atairamba. Kwa mbwa wa kilo 10, mililita 50 hivi za kulanti isiyochanganywa na maji zinatosha kumuua. Kinachoniumiza ni jinsi inavyodanganya: mwanzoni anayumba kama mlevi, anakunywa maji mno na kukojoa mno, halafu anaonekana amepona. Mwenye mbwa anashukuru Mungu na kuendelea na safari. Siku moja hadi tatu baadaye figo zinagoma, na hapo mimi sina la maana la kufanya. Tiba ipo, lakini inataka ianze ndani ya saa chache. Kwa hiyo ukimwona ameramba, usingoje dalili. Piga simu kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Na mwambie fundi mapema: "Fundi, naomba hayo maji uyakinge kwenye beseni." Sijaona fundi aliyekataa.

Wafunge kwa kamba kwenye kivuli cha mti, mbali na gari. Mbwa aliyechoka na jua huingia chini ya gari lililopandishwa kwa jeki, na fundi akiwa amelala huko, wote wawili wamo hatarini.

Wapo watu gerejini wanaoogopa mbwa, na wapo Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Omba mahali kwa mwenye gereji kabla hujafunga kamba, na beba bakuli lako la maji. Usiazime sufuria ya mama ntilie. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu, kwa sababu mtu akiuliza "Kaka, hawa wamechanjwa?" ana haki ya kukiona. Mbwa wa mitaani watakuja kunusa. Wafukuze kwa upole, usiwaache wang'atane.

Chakula kisikusumbue, mbwa mzima mwenye afya hafi kwa kukosa mlo mmoja. Maji ndiyo muhimu. Ukinunua chakula pale, omba ugali na nyama ya kuchemsha kabla haijaungwa. Vitunguu, ambavyo Ruaha Mbuyuni vimejaa kando ya barabara, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vya kwenye mchuzi.

Gari likipona, mwache fundi alijaribu mlimani bila mbwa. Likirudi halijachemsha, fungua milango yote, shika sakafu kwa kiganja, na ikiwa imepoa ndipo uwapandishe.