Kupiga rangi matangi ya chini ya boneti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fungua boneti ya Toyota iliyotumika miaka kumi na kitu Japani kabla ya kuletwa kwetu. Kinachokera jicho kwanza mara nyingi si injini, ni plastiki: tangi la akiba la rejeta limegeuka rangi ya chai, la maji ya waipa lina ukungu wa kijani, la breki limeiva hadi hudhurungi. Ndipo mtu anapofikiria kuyafungua yote, kuyapiga rangi nyeusi na kuyarudisha. Kazi hiyo inawezekana, ila si kwa kila tangi.

"Rangi yoyote ya kopo itashika, mradi umepiga msasa."

Haitashika. Geuza tangi uangalie alama iliyochongwa kwenye plastiki: mara nyingi utakuta PP au PE, yaani polipropilini au polithini. Udondoshee maji uso wake uone yanavyojikusanya kuwa vishanga badala ya kutandaa. Rangi nayo hufanya vivyo hivyo. Msasa huongeza mikwaruzo ya kushikilia, lakini haubadilishi tabia ya plastiki yenyewe, kwa hiyo baada ya muda wa joto na mtikisiko rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Kinachoifanya ishike ni praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia, tena ile ambayo kopo lake linasema wazi kuwa inafaa kwa polipropilini. Osha tangi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, likauke kabisa. Sugua taratibu kwa msasa namba 400 au 600, futa kwa spiriti, na kuanzia hapo usilishike kwa vidole vitupu. Ziba koo la kifuniko na midomo ya mipira, kwa sababu rangi ikiingia kwenye hesi za kifuniko itamegeka na kuanguka ndani. Puliza praima tabaka mbili nyepesi, kisha rangi tabaka tatu kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukipumzisha kama dakika 10 kati ya tabaka, au kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka moja nzito huchuruzika na hukauka juu tu. Liache saa 24 kabla ya kulifunga, na zaidi ya hapo kama hewa ina unyevu mwingi.

"Injini ina joto kali, kwa hiyo tumia rangi ya ekzosi."

Rangi nyingi za ekzosi hukomaa zikipashwa hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, na polithini karibu na 130. Maana yake ni kwamba rangi hiyo haitapata kamwe joto inalolihitaji ikiwa juu ya tangi, na itabaki laini, ikitoka kwa kitambaa chenye petroli. Rangi ya kawaida ya akriliki juu ya praima sahihi inatosha.

"Kiwango utakiona kwenye taa ya dashibodi."

Taa ya breki huwaka mafuta yakishashuka sana, na tangi la akiba la rejeta kwenye magari mengi halina sensa kabisa. Plastiki ile iliachwa ipitishe mwanga makusudi ili usome MIN na MAX bila kufungua kitu. Kwa hiyo kabla ya kupuliza, bandika masking tepu ya upana wa sentimita moja ikipita juu ya alama zote mbili, na uibandue rangi ikiwa bado haijakauka sana ili ukingo utoke safi. Kupaka tangi lote ni kujifunga macho.

"Tangi la breki nalo lifunguliwe, ni bolti mbili tu."

Hapa tunasema bila kusita: liache mahali pake, tena bila rangi. Kwenye magari mengi tangi hilo limekaa juu ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, kwa mipira miwili iliyobanwa. Mipira ikishazeeka, ukilivuta huchanika au hairudi kubana sawasawa. Hewa inaweza kuingia, itabidi kutoa upepo magurudumu yote manne, na baadhi ya mifumo ya ABS (inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) huhitaji mashine ya kompyuta kuikamilisha kazi hiyo.

Jina "mafuta ya breki" nalo limepotosha wengi. DOT 3 na DOT 4, aina mbili zinazouzwa kwa jina hilo, si mafuta, ni kimiminika cha kemikali iitwayo glikoli. Tone moja hulainisha rangi na kuivua, pamoja na ile uliyopiga kwa siku mbili. Likimwagika, kufuta kwa kitambaa hakutoshi: mwagia maji mengi papo hapo, kwani glikoli huchanganyika na maji. Hunyonya pia unyevu wa hewani, ndiyo maana kifuniko hakiachwi wazi. DOT 3 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140.

Kosa baya kuliko yote ni kuliosha tangi hilo kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa. Mipira ya breki haivumilii mafuta ya petroli: huvimba, breki zikashika, na dawa yake ni kubadilisha kila mpira kuanzia masta silinda hadi kwenye magurudumu. Safisha nje tu kwa kitambaa chenye spiriti, kifuniko kikiwa kimefungwa, na usizibe tundu dogo la hewa la kifuniko.

"Tangi la akiba la rejeta halina kazi, liondoe ubaki na nafasi."

Maji yakipata moto hutanuka, na kifuniko cha rejeta huyasukuma kwenye tangi hilo. Injini ikipoa, vali ndogo ya kifuniko huyavuta yarudi. Bila tangi hurudi hewa, na kila safari rejeta hupungukiwa. Ukilirudisha baada ya rangi, hakikisha mpira unafika chini ndani ya maji. Lifungue injini ikiwa baridi, na kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, ikinge kwenye chombo chenye mfuniko: ile ya ethilini glikoli ina utamu unaovutia mbwa na watoto, na ni sumu inayoua.

"Rangi hulifanya tangi kuukuu kuwa jipya."

Libonyeze kwa kidole gumba karibu na mishono. Likilia au likionyesha mstari mweupe, plastiki imekwisha na rangi itaficha ufa tu, nunua jingine. Likiwa zima lakini chafu ndani, jaribu kwanza konzi ya mchele mkavu, maji ya moto kidogo na sabuni ya vyombo, ulitikise dakika tano, kisha siki usiku mzima. Matangi mengi ya waipa na ya rejeta hurudi meupe kiasi kwamba hamu ya kupiga rangi huisha.