"Mchukue huyo, ana mwili"

Kwenye majaribio ya soka ya vijana hapa Tanga, kauli hiyo haikosi. Watu hudhani anayewazidi wenzake mbio na nguvu ndiye mwenye kipaji. Mara nyingi amewazidi miezi tu: aliyezaliwa Januari na wa Desemba mwaka huohuo huwekwa kundi moja, ilhali wamepishana karibu miezi 12. Tena balehe ya wavulana huanza popote kati ya miaka 9 na 14, kwa hiyo hata waliozaliwa wiki moja, mmoja ameshaota ndevu, mwingine sauti bado ya kitoto. (Wanaochezea vyeti vya kuzaliwa sijawagusa.) Uingereza, baadhi ya akademi za soka huwapanga watoto kwa ukomavu wa mwili. Kocha wetu amtazame yule mdogo: anageuza shingo kukagua uwanja kabla mpira haujamfikia?