Kabla ya kuuliza kilomita, uliza gari litalala wapi

Swali la kwanza ninaloulizwa halibadiliki. Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kufunga chaja za magari na kukagua nyaya za majengo, hunivuta pembeni: "Fundi, niambie ukweli. Likijaa chaji linakwenda kilomita ngapi?" Nami humrudishia swali: "Wewe kwanza niambie, litalala wapi?"

Wengi hucheka wakidhani nimekwepa. Sikwepi. Nimewaona waliohamia gari la umeme wakafurahi, na nimewaona waliojuta, na mara chache tofauti yao ilikuwa ukubwa wa betri. Kilichowatofautisha ni hatua ngapi zilikuwepo kati ya maegesho ya usiku na soketi.

Piga hesabu nami. Gari la kawaida la familia hula uniti 15 hadi 20 za umeme kwa kilomita 100. Anayekwenda kazini na kurudi, jumla kilomita 40, anahitaji kama uniti 7 kwa siku. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikibanwa isivute zaidi ya ampea 10, hutoa kilowati 2.3. Ongeza umeme kidogo unaopotea njiani, bado saa tatu na nusu zinatosha, na saa hizo wewe umelala. Mtu akisoma kwenye karatasi ya muuzaji kwamba betri ya uniti 60 huchukua zaidi ya saa 26 kujaa kwa soketi hiyo, hushtuka. Sawa, ila nani anarudi nyumbani kila jioni na betri tupu?

Hapo kuna tahadhari moja ambayo wauzaji huipitia haraka mno. Birika la umeme huvuta mkondo mkubwa, lakini kwa dakika tatu tu. Gari huvuta saa nyingi bila kupumzika. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo chaji ilikuwa ikijikata usiku wa manane. Nilipofungua soketi, plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka kahawia na ganda la waya wa moto limekakamaa kama jani kavu. Kosa lenyewe? Skrubu moja iliyolegea chini ya nusu mzunguko. Kwa miaka ilikuwa ikichaji simu na kuwasha pasi, hakuna aliyejua. Kwa hiyo gari likija, laini yake iwe ya peke yake kutoka kwenye paneli, na fundi aikaze kwa mkono wake. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni bora zaidi, ila kwa wengi si lazima. Nalisema hili ingawa ndizo ninazozifunga.

Sasa mtu asiye na maegesho yake. Huyu ndiye hadithi nzima, na ndiye anayesahauliwa kila anapotangazwa mwujiza mpya wa betri. Yeye hutegemea vituo vya barabarani, na huko mambo ni tofauti. Chaja ya kasi hulitoa gari kwenye asilimia 10 hadi 80 kwa nusu saa hivi, halafu kasi inaporomoka. Si hila. Ayoni za lithiamu, yaani chembe zinazobeba chaji, zinaingia ndani ya betri kama watu wanaoingia ukumbini: wa mwanzo hukaa popote, wa mwisho huhangaika kupitana magoti wakitafuta kiti kilichobaki. Ukiwasukuma kwa nguvu, hawakai. Lithiamu huganda juu ya elektrodi, ile sehemu ya ndani inayopaswa kuzipokea, na betri huumia. Ndiyo maana gari lenyewe hupunguza mkondo, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda sawa na zote zilizotangulia. Dereva mzoefu huondoka kwenye 80. Dereva mgeni hukaa akisubiri 100, nyuma yake foleni inanuna.

Mimi mwenyewe, mtaalamu, nimekwama. Kituo kilikuwa na chaja mbili. Ya kwanza kioo cheusi. Ya pili ilinitaka nipakue programu, programu ikataka namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na mtandao hapo haukuwepo. Nilitembea kilimani nikiwa nimeinua simu juu kama mtu anayepungia ndege. Betri ilikuwa na kilomita za kutosha; nilichokosa ni njia ya kulipa. Umoja wa Ulaya ulilitambua tatizo hilo, na tangu Aprili 2024 chaja mpya za umma za kilowati 50 na zaidi zinapaswa kukubali kadi ya kawaida ya benki. Ni kanuni ndogo isiyo na mbwembwe, na mimi naihesabu juu ya ahadi nyingi za kilomita elfu moja.

Usumbufu mdogo umewahi kuamua mbio hizi huko nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya umeme yalipendwa mijini Marekani, sababu mojawapo ikiwa hayakuhitaji kuzungushwa mtaimbo wa kuwashia injini, mtaimbo ambao ungeweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 Cadillac ikaja na kiwashio cha umeme, na faida hiyo ikayeyuka. Bei ya chini ya Ford Model T na petroli iliyopatikana kila mahali zikamalizia.

Turudi kwa yule asiye na maegesho yake, mara nyingi mkazi wa ghorofa. Analipia usumbufu wake, na analipa zaidi. Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi imetoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 kwenye umeme wa nyumbani, na asilimia 20 kwenye chaji ya barabarani. Mwenye uwanja wa gari analipa kidogo, asiye nao analipa kingi kwa uniti ile ile. Kisha tunashangaa kwa nini wapangaji hawabadili.

Norwei hutajwa kila mjadala unapofika hapa, na hutajwa vibaya, kana kwamba siri ni utajiri peke yake. Utajiri upo. Lakini waliondoa ushuru wa kuingiza magari haya mwaka 1990 na kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, wakashikilia msimamo huo serikali baada ya serikali, hadi mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Tena ni nchi ya baridi kali, na baridi hupunguza umbali wa betri. Wengi wao wana mahali pa kuegesha nyumbani, na anayeishi kwenye jengo la pamoja sheria inampa haki ya kuweka chaja. Majirani hawawezi kumkatalia bila sababu ya msingi. Linganisha na Ujerumani: Desemba 2023 ruzuku ya kununua magari haya ilikatwa kwa taarifa ya siku moja, na mwaka uliofuata mauzo ya magari ya umeme yakashuka kwa zaidi ya robo. Mimi si shabiki mkubwa wa ruzuku, ila anayeitoa aseme mapema itakwisha lini.

Kuhusu betri kufa, nitasema machache. Hofu hii ina chanzo. Nissan Leaf za mwanzo, zenye betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoozwa kwa maji, zilipoteza uwezo haraka kwenye joto kama la Arizona, na habari mbaya haihitaji miguu. Magari mengi ya sasa yana mfumo huo, na dhamana ya kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000. Anayenunua lililotumika aombe ripoti ya afya ya betri. Muuzaji akisitasita, mwache na gari lake.

Nilialikwa majuzi kwenye kikao cha wakazi wa jengo lenye nafasi 40 za magari, wakijadili kufunga chaja. Aliyekuwa akipinga, mzee mmoja makini, alikuwa amefanya hesabu yake vizuri: chaja 40 mara kilowati 7 ni kilowati 280, na transfoma yao haiwezi hata nusu yake. Hesabu sahihi, swali siyo. Nikamwomba kalamu. Magari 40, kila moja uniti 7 kwa siku, ni uniti 280. Zigawe kwa saa 10 za usiku, unapata kilowati 28. Weka 30 au kidogo juu yake kwa kinachopotea. Mfumo unaogawa mkondo kwa zamu huifanya kazi hiyo bila mtu kuamka kuchomoa plagi, na ikitokea usiku mmoja wengi wamerudi safari ndefu, baadhi yao wataamka na betri isiyojaa. Mzee aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. "Haya, fundi. Na kebo kuu nani anailipia, sisi wenye magari au sote?"

Hapo wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenye gari la umeme alikuwa mmoja tu kati yao, na alikaa kimya kabisa. Nimeombwa nirudi na mchoro na makadirio mawili: moja la kuanzia na nafasi kumi, jingine la zote 40.