Anayesema RA (msaidizi wa utafiti) anatiki tu, asome hapa

Nimetumiwa tena ile meseji. "Dada, nasikia chuo kina utafiti wa afya ya akili huku Mtwara, mfanyie mpango mdogo wangu apate hiyo kazi ya kutiki, yupo tu nyumbani." Kazi ya kutiki! Nimeisikia kwa ndugu, nimeisikia kwa watumishi wa halmashauri, hata kwa baadhi ya wakubwa wanaotuajiri, na safari hii nimeona bora niandike maana hili wazo linaharibu utafiti na linaweza kumuumiza mtu kabisa.

Mambo ya vibali sitayaeleza sana. NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), chuo, barua ya mkoa ishuke wilayani mpaka kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, fomu ya ridhaa, asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi anaweka dole gumba. Inachosha lakini inafundishika. Shida inaanza mkishakaa kwenye mkeka.

Chukua PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, miradi mingi inalitumia. Maswali tisa, yote yanauliza wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 (hapana kabisa) mpaka 3 (karibu kila siku), jumla ya juu kabisa 27. Ukifika 10 kwa kawaida unahesabiwa kwamba unatakiwa kuangaliwa zaidi. Kuangaliwa zaidi, sio kwamba una sonona, hilo analisema mtaalamu akishakaa na wewe, na RA anayetoka kwenye nyumba ya watu anasema "huyu kapata 14 ni mgonjwa" arudishwe nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa RA anayeamini anatiki anafanya hivi. Anasoma swali, mama anakaa kimya, RA anaona anacheleweshwa, anaongezea, "yaani mama uko sawa tu eeh?" Mama anaitikia, "niko sawa mwanangu." Tiki, sifuri. Sasa hapo nani kajibu? Wewe mgeni umekuja na tableti na kitambulisho cha chuo shingoni, umeongozana na balozi wa nyumba kumi, yeye kalelewa kwamba mgeni habishiwi, atakuitikia chochote utakachomwekea mdomoni. Kile kimya ndo alikuwa anahesabu siku, au anajiuliza kama akuamini, na wewe umemkatisha. Mwache akae nacho. Akisema hajaelewa unalisoma tena vilevile lilivyoandikwa, taratibu, na kama kwenye mafunzo tulikubaliana maelezo ya ziada basi wote tunatumia hayohayo. Maana mimi nikilieleza kivyangu Mikindani na mwenzangu akalieleza kivyake Masasi, tunapima unga kwa vibaba viwili tofauti halafu tunaandika ripoti kwamba Masasi wana unga mwingi.

Watu wanajua kwamba RA mbaya ni yule anayepika data, anakaa chini ya mkorosho anajaza sifuri mstari mzima. Huyo wala hanisumbui, tableti inaonyesha muda wa kuanza na kumaliza, tunamkamata. Anayenisumbua ni huyu mwema anayesaidia kujibu, kwa sababu data zake zinaonekana safi na hakuna programu itakayomuona.

Na kuna jambo ambalo mafunzo hayaligusi kabisa. Swali la tatu ni usingizi, la nne uchovu, la tano hamu ya kula. Nenda nalo Kilwa au Lindi mjini katikati ya Ramadhani. Watu wanaamka daku, wanalala vipande vipande, mchana wamechoka, mlo umebadilika. Mtu asiye na tatizo lolote akijibu kwa ukweli mtupu "karibu kila siku" kwenye hayo matatu anapata 9, anabakiza alama moja tu afike 10. Sasa nenda Tandahimba msimu wa korosho, Oktoba hivi, watu wanaokota toka alfajiri, wamechoka kweli lakini wanasubiri mnada na wana matumaini. Rudi kwa watu walewale Februari, hela ya korosho imeshaisha, mahindi ya shambani bado, ukiuliza hamu ya kula mtu anakuangalia, hamu anayo, chakula ndo hana. Halafu hiyo 10 tunayoitumia ilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani, ambao sidhani kama walikuwa wanaokota korosho.

Utaniambia basi nipunguze alama za mtu aliyefunga. Hapana! Unaandika alivyojibu, na pembeni, kwenye sehemu ya maoni, unaandika kwamba amefunga, ili anayechambua aone. Lakini nikiri wazi, sina uhakika kama hiyo inatosha. Nimeshaona mtu anasema "ah, ni swaumu tu hii" na kila kitu usoni kwake kinasema sio swaumu, ilianza muda mrefu kabla. Huyo akipata kisingizio kizuri anakitumia, na mimi sina kisanduku cha kuandika nilichokiona. Nimeuliza wakubwa, kila mmoja ananijibu la kwake.

Kuna hili la mkalimani pia. Vijijini Newala unakuta bibi anaeleza mambo mazito kwa Kimakonde, tena kwa kirefu, mjukuu amekaa katikati, anageuka kwako anasema, "bibi amesema hapana." Bibi kaongea mpaka kafuta machozi, iweje iwe hapana? Mjukuu anamficha bibi yake aibu, au yeye mwenyewe ndo anayesemwa pale. Hapo mahojiano yanasimama, unamshukuru bibi, unapanga arudiwe na RA anayejua Kimakonde na asiye mtu wa nyumba hiyo. Supavaiza atakulalamikia lengo la siku halijafika. Alalamike.

Sasa swali la tisa, lile la kuwaza bora ungekufa au kujidhuru. RA wengi wapya wanalisoma haraka kwa sauti ya chini huku wanaangalia tableti, wengine wanaligeuza kabisa, "hili la kujiua wewe huna, si ndiyo?" Wanaogopa wakiuliza watampandikizia mtu wazo. Hili limeshachunguzwa na watafiti wengi na hawajakuta kwamba kuuliza kunamwongezea mtu mawazo hayo. Kinachomfunga mtu mdomo huku kwetu ni kingine, kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217, na watu wanajua. Mzee aliwahi kuniuliza, "binti yangu, hii karatasi inaishia polisi?" Kwa hiyo siri unaieleza mapema wakati wa ridhaa, na mipaka yake pia unaitaja, kwamba ukiniambia uko hatarini nitamwambia mtu wa kukusaidia. Swali unalisoma kwa sauti ileile ya mengine nane, ukimwangalia. Akijibu chochote zaidi ya sifuri, tableti inawekwa chini. Unauliza kama ana mpango, kama ana kitu cha kutumia, dawa ya kupulizia mikorosho iko wapi hapo nyumbani, unampigia supavaiza, na aliye hatarini humwachi peke yake hata kama gari linapiga honi barabarani. Kwa hilo hakuna cha kutiki.

Baada ya hapo inabaki rufaa, na hapa ndo sipati usingizi. Kwenye pendekezo la utafiti inaandikwa mstari mmoja, "washiriki walio hatarini watapewa rufaa." Aliye Mtwara mjini nampeleka hospitali ya Ligula mwenyewe. Aliye ndani huko Liwale masika imekolea, barabara unaijua, anafikaje kwa mtaalamu, na akishafika mara ya kwanza nani anamrudisha ya pili? Siku hizi kabla sijasaini mkataba naomba nione bajeti, natafuta nauli za rufaa na jina la mtu wa kupigiwa simu mradi ukishafungwa. Nauli huwa naikuta. Huyo mtu wa baada ya mradi mara nyingi hayupo, wanaopiga wanapiga kwangu, na mimi napokea kwa sababu ndo namba waliyonayo.