Mathieu Kérékou: aliingia kwa bunduki, akatolewa kwa kura, akarudi kwa kura

Nafundisha sheria ya katiba, na kila tukifika kwenye mada ya nchi kutoka udikteta kwenda vyama vingi, mimi naanzia Benin, nchi ya Afrika Magharibi, kwa Mathieu Kérékou, maana huyu ndo dikteta mwenyewe na ndo huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa kuchaguliwa, na watu wengi huku kwetu hawamjui kabisa.

Kwa kifupi alikotoka: mwanajeshi wa kaskazini, akachukua nchi kwa mapinduzi Oktoba 26, 1972, miaka miwili mbele akatangaza kwamba nchi sasa inafuata Umaksi na Ulenini, yaani ukomunisti, 1975 jina la Dahomey likafutwa ikawa Benin, chama kikabaki kimoja tu na wapinzani wakawa wanafungwa au wanakimbilia nje.

Sasa mbona huyu mtu alikubali kuachia? Wengi wanasema alikuwa na busara, mzalendo, na mimi sikatai kwamba aliamua vizuri, ila tusiruke kilichomfikisha pale. Mwisho wa miaka ya 80 serikali ilikuwa imefilisika, mabenki ya serikali yameanguka, walimu na watumishi wanakaa miezi na miezi bila mshahara, wanafunzi wamegoma, na 1989 ilipofika mgomo ulikuwa umeshaenea karibu kila ofisi. Wafadhili nao hawakutaka kutoa hela bila mageuzi. Desemba 1989 akatangaza kuachana na Umaksi na akaitisha Mkutano wa Taifa, yaani vyama, wafanyakazi, dini, wakulima, wanajeshi, watu waliokuwa uhamishoni, wote wakae wajadili nchi.

Ukaanza Februari 19, 1990 kwenye hoteli moja pale Cotonou, wajumbe karibu 500, mwenyekiti Askofu Isidore de Souza, na wananchi wanafuatilia redioni. Kérékou alidhani anaitisha kikao cha ushauri, wamshauri halafu aamue mwenyewe. Wajumbe wakageuza kibao, wakatangaza kwamba mkutano una mamlaka kamili na maamuzi yake hayapingwi na mtu yeyote hata rais! Hapo ndo nchi ilikuwa kwenye ukingo, kwa sababu kuna maofisa wa jeshi waliona haya ni mapinduzi ya kiraia, na neno moja tu la Kérékou lingetosha kuuvunja ule mkutano. Hakulisema. Akakubali maamuzi, akabaki rais wa jina tu huku shughuli za serikali zikienda kwa waziri mkuu wa mpito, Nicéphore Soglo, mchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia.

Kuona uzito wa hilo angalia majirani. Togo walifanya mkutano kama huo 1991, mwaka haujaisha jeshi la Rais Eyadéma likaizingira ofisi ya waziri mkuu wa mpito na kumkamata. Ndugu zetu wa Kongo wao wanaijua vizuri ya kwao, Mobutu aliuvuruga mkutano wa Kinshasa na kuuzungusha mpaka ukamalizika bila yeye kutoka, akang'olewa kwa vita 1997.

Benin wakapiga kura ya katiba mpya Desemba 1990, Machi 1991 uchaguzi wa rais, Kérékou akagombea na akapigwa vibaya, Soglo alipata kama theluthi mbili ya kura. Akaomba msamaha kwa yaliyotokea, akapewa kinga ya kutoshtakiwa, akaenda nyumbani. Kaunda kule Zambia aliangushwa miezi michache baadaye, ila Benin walitangulia.

Miaka mitano alikaa kimya, akaokoka, halafu 1996 huyo tena. Soglo alikuwa ameweka uchumi sawa kwenye makaratasi lakini faranga ilishushwa thamani nusu 1994 na maisha yakawa magumu, na washirika wake wengi alikuwa amewapoteza, wakahamia kwa Kérékou raundi ya pili akashinda kwa asilimia 52 na kitu.

Na kuna kitu kilitokea siku ya kiapo ambacho huwa nakitumia darasani kila mwaka. Kiapo cha Katiba ya Benin kinataja Mungu na pia mizimu ya mababu. Kérékou, mlokole sasa, akairuka mizimu. Mahakama ya Katiba ikasema kiapo hakikutimia, arudie. Na mwanajeshi huyu ambaye kwa miaka 17 neno lake ndo lilikuwa sheria akarudi akaapa upya, neno kwa neno, mizimu ikiwemo. Kwangu mimi hapo ndo mabadiliko yalionekana kweli kuliko hata 1991, kwa sababu 1991 alikuwa ameshapokonywa madaraka ya serikali, 1996 alikuwa nayo.

2001 akashinda tena, ila ule uchaguzi haukuwa safi, Soglo na mwenzake wa nafasi ya tatu walijitoa wakilalamikia wizi, akabaki anashindana na waziri wake mwenyewe. Ilipokaribia 2006 wapambe wakaanza kuchokonoa Katiba, maana inasema vipindi viwili na mgombea asizidi miaka 70, naye vyote vilimbana. Asasi za kiraia zikaanzisha kampeni ya usiguse Katiba yangu, na yeye 2005 akasema hagombei, na 2006 akamkabidhi nchi Boni Yayi aliyeshinda uchaguzi.

Alipofariki Oktoba 2015 alisifiwa sana kama baba wa demokrasia, na hapo ndo mimi huwa nagoma kidogo. Waliofungwa gereza la Ségbana na kuteswa enzi za chama kimoja hawakuwahi kumwona kizimbani, ile kinga ya 1991 ilinunua amani na wao ndo waliolipa. Naelewa kwa nini ilitolewa, jeshi lilikuwa bado lake, na ningekuwa miongoni mwa walioamua pengine ningeikubali. Ila jina la baba wa demokrasia ningewapa wale wajumbe na wale walimu waliogoma bila mshahara, kabla ya kumpa yeye.