Bendera sio target: dhana potofu za gofu kuhusu shoti ya kwenda grini (ile nyasi fupi yenye shimo)

Dhana inayoharibu skokadi (kadi za alama) za watu wengi ni hii kwamba maproo, wachezaji wa kulipwa, wanalenga bendera ya shimo kila shoti. Hapana jamani. Chukua mashindano ya Masters 2019 raundi ya mwisho, shimo namba 12 pale Augusta, Marekani, paa 3 (yaani unatarajiwa kumaliza kwa shoti tatu) ya yadi 155 tu, mbele ya grini kuna kijito cha Rae's Creek na bendera ilikuwa kulia ambako maji yanameza kila mpira unaopungua kidogo. Francesco Molinari alikuwa anaongoza, akadondosha mpira majini, Tony Finau naye majini, Brooks Koepka naye hivyo hivyo. Tiger Woods akapiga kushoto kwa bendera, katikati ya grini, akaondoka na paa yake na siku hiyo hiyo akavaa koti la kijani la bingwa. Kama Tiger anaikwepa bendera, mtu wa handikapu 18, yaani mchezaji wa kawaida tu, anaikimbilia ya nini?

Wengine watakwambia "ukilenga katikati hupati badi" (shoti moja chini ya paa). Sasa angalia pati zenyewe, zile shoti za kubingirisha mpira kwenye grini, proo wa PGA Tour akiwa futi 8 anaingiza kama nusu tu, akiwa futi 20 anaingiza kama 15 kwa 100. Kwa hiyo kusogea kutoka futi 30 hadi futi 20 kunakupa kidogo sana, ila maji yanakula shoti nzima ya penati, na ukikosea upande ule ule wa bendera unabaki na chipu (shoti fupi ya kurushia mpira kwenye grini) ambayo haina grini ya kutosha kusimamisha mpira.

Afu kuna hii ya "ayoni 7 yangu (fimbo ya chuma) inaenda yadi 150". Hiyo 150 ni ile shoti uliyoipata vizuri kuliko zote, upepo nyuma, ardhi ngumu! Hesabu zile za kawaida, na hesabu mpira unapotua, sio unaposimama baada ya kubingirika. Wachezaji wengi wa kawaida wanakosa kwa kupungukiwa, na mabanka (mashimo ya mchanga) mengi yako mbele, kwa hiyo bendera ikiwa mbele wewe chukua fimbo ya kufika katikati.

Lakini na katikati nayo sio jibu la kila siku, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Mipira yako haiendi sehemu moja, inatawanyika kama punje za mahindi zikirushwa, na kwa ayoni ndefu inatawanyika zaidi. Nenda renji (uwanja wa mazoezi), piga mipira mingi kwa fimbo moja, usiangalie ile mizuri tu, angalia upana wa yote. Ule upana ndio unaoupanga juu ya grini: kushoto kuna maji na kulia kuna nyasi tupu, sogeza target kulia mpaka hata ile mibovu yako ya kushoto ibaki nchi kavu. Na kama una slaisi, yaani mpira wako unakata kwenda kulia, anza kulenga kushoto zaidi ya unavyodhani inatosha, ila hakikisha ule mpira utakaonyooka bila kukata nao una pa kutua.