Limfoma kali ya ngozi ni kitu gani hasa?

Limfoma ni saratani ya zile seli nyeupe za damu zinazolinda mwili, na kuna zinazoanzia kwenye ngozi yenyewe. Nyingi zinaenda pole pole, ile maikosisi fungoidesi mtu anakaa nayo miaka anajua ni fangasi au pumu ya ngozi. Zile kali ni chache sana ila hazisubiri, wiki chache tu uvimbe umepasuka umeshakuwa kidonda.

Wanaohudhuria CTC, ile kliniki ya VVU, wanazijua CD4, sasa hizo ni seli T, aina moja ya seli nyeupe, na zina ndugu zake, CD8 na gama-delta, hizi zikigeuka saratani kwenye ngozi ndo balaa lenyewe. Ya gama-delta inaweza kuingia mpaka kwenye mafuta chini ya ngozi, mapaja yanajaa manundu magumu, wengine homa haikatiki na damu inashuka. Ingine ni ya seli B, aina nyingine ya seli nyeupe, inapenda miguu ya wazee hasa akina mama, vinundu vyekundu au vya zambarau chini ya goti.

Huku kwetu Mwanza ukiwa Kirumba au Sengerema unaanzia duka la dawa unapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko, mle ndani kuna steroidi, inatuliza wekundu kwa muda afu inaweza kuvuruga hata kipimo (mi hizo krimu ningezifungia kabatini). Kipimo chenyewe ni kukatwa kinyama, tena kishuke mpaka kwenye mafuta, sio kukwangua juu juu kama wanavyotafuta fangasi, kiende kwa mtu wa patholojia atafute alama za hizo seli. Majibu yakija hamna kitu na kidonda kinazidi, rudini kikatwe tena, hizi zinajificha kweli. Afu ndo CT scan, kipimo cha VVU, pengine na cha uloto, yale mafuta ya ndani ya mfupa.

Ya seli B wanatoa dripu za CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, pamoja na rituksimabu, dawa inayolenga seli B, kwa kawaida kila siku 21. Ya seli T CHOP peke yake mara nyingi haishikilii, mwenye nguvu anafikiriwa kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Mionzi inasaidia pale penye kidonda. Kukata uvimbe tu ukaenda nyumbani haitoshi.

Mkipewa rufaa ya hospitali ya Bugando hapa Mwanza au ile ya saratani ya Ocean Road, Dar, bebeni majibu pamoja na kile kinyama kilichohifadhiwa maabara, mara nyingi wanataka wakisome upya wenyewe.